Kati ya saa tisa na nusu na saa mbili usiku: uchambuzi wa kisa cha kijana aliyekamatwa na simu za wizi

Kijana ana miaka 15. Amekutwa na simu mbili za wizi mfukoni, na mmoja wa wenzake wawili waliokamatwa naye amesema kwamba wiki mbili kabla ya hapo walivunja stoo ya mfanyabiashara, huyu akiwa amesimama nje kuangalia njia. Hajawahi kufikishwa mahakamani. Taarifa ya kwanza iliyoandikwa juu yake ina mistari miwili tu kwenye sehemu ya sababu: ametoka katika familia iliyovunjika, na amefuata marafiki wabaya.

Kisa hiki kimeundwa kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika kesi za aina hii. Hakimhusu mtoto mmoja wala familia moja, na hesabu za ndani ya nyumba ni za mfano. Tafiti zinazotajwa ni za kweli. Mistari ile miwili si uongo, ila haimsaidii yeyote kujua afanye nini Jumatatu jioni. Familia "iliyovunjika" haiwezi kuunganishwa kwa amri ya ofisa. Kinachoweza kubadilishwa ni yale yanayotokea ndani yake kila siku, kwa saa maalumu, kati ya watu wanaojulikana. Huko ndiko uchambuzi ulikopaswa kwenda tangu mwanzo.

Waliomo nyumbani

Mama anafanya kazi ya zamu siku sita kwa wiki na hurudi saa mbili usiku. Baba mzazi aliondoka kijana akiwa na miaka 7, baada ya miaka kadhaa ya ugomvi ambao mara nyingine ulifika kwenye kupigana mbele ya watoto. Baada ya hapo kijana alipelekwa kwa bibi mzaa mama na kukaa huko hadi miaka 10. Mdogo wake wa kike, ambaye sasa ana miaka 9, wakati huo alikuwa mchanga, na yeye alibaki na mama. Baba wa kambo aliingia mwaka ambao kijana alirudishwa. Yupo pia mtoto wa mama mkubwa, miaka 22, aliyemaliza kifungo mwaka jana na ambaye kijana humwita kaka.

Kila mmoja alihojiwa peke yake kwanza, kijana akiwa wa mwisho, kisha wote pamoja. Utaratibu huu una sababu. Mume na mke wakiulizwa pamoja hutoa jibu moja. Wakiulizwa mbalimbali hutoa mawili, na tofauti kati ya hayo mawili ndiyo habari yenyewe. Mama alisema kijana huchapwa mara chache sana, "akizidi". Baba wa kambo alisema haipiti wiki. Kijana alisema haijulikani: siku nyingine unarudi saa tatu usiku hakuna anayekuuliza, siku nyingine unachapwa kwa kuacha kikombe mezani. Jibu hilo lilibeba uzito kuliko yale mengine yote.

Baada ya mahojiano familia ilipewa shajara ya siku 14 yenye maswali manne kwa kila siku: kijana alitoka shule saa ngapi, alikuwa wapi, alikuwa na nani, na mama alijuaje. Swali la nne halipaswi kuachwa, kwa sababu wazazi wengi hujaza matatu ya kwanza kwa kukisia. Shule humalizika saa tisa na nusu alasiri, mama hufika saa mbili usiku, kwa hiyo kuna saa nne na nusu zisizo na mtu mzima. Kati ya siku 14, mama aliweza kujibu swali la nne kwa uhakika siku 4, na mbili kati ya hizo zilikuwa siku zake za mapumziko. Daftari la mahudhurio la shule lilionyesha utoro wa siku 19 katika muhula mmoja. Mama alijua siku 3. Shule ilikuwa imetuma barua tatu, zote kwa mkono wa kijana mwenyewe.

Ndoa iliyovunjika au ugomvi uliodumu?

Mwaka 1961 ulianza utafiti wa wavulana 411 wa London Kusini, ulioongozwa na Donald West na baadaye David Farrington, ukawafuata hadi utu uzima. Wavulana kutoka nyumba zilizotengana walipatikana na hatia kwa kiwango kilichokaribiana na cha wale waliokaa na wazazi wote wawili katika nyumba yenye ugomvi mkali. Waliobaki na mama baada ya wazazi kutengana hawakuwa tofauti sana na wale wa nyumba zenye wazazi wawili na amani. Kwa maneno mengine, ukihesabu wazazi waliomo ndani ya nyumba, umehesabu kitu kisicho sahihi.

Katika kisa hiki kuna madhara mawili yaliyo tofauti. La kwanza ni ile miaka ya ugomvi kabla baba hajaondoka. La pili ni kupelekwa kwa bibi. Wengi hapa hukimbilia kazi ya John Bowlby ya 1944, aliyelinganisha watoto 44 waliokuwa wezi na wengine 44 wasio wezi: 17 wa kundi la kwanza walikuwa wametengwa na mama zao kwa muda mrefu katika miaka mitano ya mwanzo, dhidi ya 2 wa kundi la pili. Lakini kijana wetu alitenganishwa na mama akiwa na miaka 7, na bibi alimlea vizuri. Aliyoyaandika Bowlby hayamhusu moja kwa moja. Kilichomuuma, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kwamba yeye alipelekwa na mdogo wake akabakizwa. Hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini. Mama alipoulizwa alisema ni kwa sababu mtoto mchanga alikuwa bado ananyonya na yeye hakuweza kulea wawili akiwa peke yake. Sababu ya kueleweka kabisa, na imekaa miaka minane bila kusemwa.

Kisha akiwa na miaka 10 alirudishwa kwenye nyumba yenye mwanamume asiyemjua, ambaye tangu wiki ya kwanza alipewa kazi ya kumwadhibu. Kosa hili ni la kawaida mno. Baba wa kambo anayeanza na fimbo kabla ya kuwa na uhusiano hana akiba ya kutumia. Kila adhabu yake husomeka kama uadui. Kwa mwaka wa kwanza, na pengine zaidi, mzazi wa damu ndiye atoe maagizo na matokeo ya kuyavunja, na mgeni asimame nyuma yake bila kumpinga.

Jioni moja, amri 17

Mtathmini alikaa nyumbani kwao jioni moja ya mapumziko ya mama, bila kuingilia, akihesabu. Kwa saa moja na nusu kijana alipewa amri 17. Alitekeleza 3. Nyingi zilikuwa za umbo la swali au lawama: "kwani wewe huoni vyombo?", "mpaka nikwambie mara ngapi?" Hizo si amri, ni malalamiko, na mtoto hawezi kuyatii hata akitaka.

Zile zilizokuwa amri zilifuata mkondo mmoja. Mama anaagiza. Kijana ananyamaza. Mama anarudia kwa sauti kubwa zaidi. Kijana anajibu kwa ukali. Mama anamfokea. Kijana anapiga mlango. Mama, aliyechoka na wiki nzima ya kazi, anaosha vyombo mwenyewe. Gerald Patterson na wenzake huko Oregon, Marekani, walitumia miaka mingi kuangalia jioni kama hizi majumbani, wakionyesha mafunzo yaliyofichika ndani yake. Kijana amejifunza kwamba ukali humwondolea kazi. Mama amejifunza kwamba kunyamaza humletea utulivu, angalau usiku huo. Wote wawili wamepata walichotaka, ndiyo maana kesho yake watarudia. Na siku mama anaposhindwa kuvumilia akachapa, kijana hutii, naye hujifunza kwamba kipigo tu ndicho kinachofanya kazi.

Mtoto mwenye ujuzi huu huenda nao shuleni. Mwalimu hanyamazi kama mama, humtoa nje. Wanafunzi wenzake watulivu humwepuka. Wanaobaki kumkubali ni wale waliokwishatolewa nje kama yeye. "Marafiki wabaya" wa taarifa ya kwanza ni kweli wapo, ila hawakuja kumchukua kijana kutoka kwenye nyumba njema. Alifika kwao akiwa tayari hana pengine pa kwenda saa kumi jioni.

Sarafu za kwanza

Wizi wa kwanza unaojulikana ni wa miaka 10: sarafu kutoka kwenye mkoba wa mama. Mama alikumbuka matukio matano ya mwaka ule. Manne hakuyafanyia kitu kwa sababu hakuwa na uhakika. La tano, kijana alichapwa na baba wa kambo hadi akakosa shule siku mbili. Ukitaka kumfundisha mtoto kuiba kwa ustadi, huo ndio utaratibu wenyewe: mara nne faida, mara moja maumivu yasiyotabirika, na funzo kwamba tatizo ni kushikwa. Ule utafiti wa London ulipata kwamba adhabu kali au za kubahatisha, pamoja na usimamizi hafifu mtoto akiwa na miaka 8, vilitangulia hatia za baadaye.

Mzazi hukwama kwenye ushahidi. Anataka kuthibitisha kama mahakama, na mtoto hujua kukana. Njia inayofaa nyumbani inabadilisha swali: kuiba ni kuwa na kitu chochote ambacho huwezi kueleza kimetoka wapi kwa namna inayoweza kuhakikishwa. "Nimeokota", "nimeazimwa", "nimepewa na rafiki" havipokelewi. Hakuna mahojiano marefu wala kulazimisha kukiri, kwa kuwa kukiri kukileta kipigo, mtoto hufunzwa kusema uongo. Kitu kinarudishwa siku hiyohiyo na kazi ya saa moja au mbili inafuata, kila mara, hata kama ni kalamu. Ukali haujalishi sana. Kinachojalisha ni kwamba haikosi.

Nani anajua nini

Ushauri wa kawaida kwa wazazi ni "wafuatilieni watoto wenu". Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha matokeo ya vijana wa miaka 14 nchini Uswidi yaliyousahihisha ushauri huo: wazazi wanaojua walipo watoto wao hujua zaidi kwa sababu watoto huwaambia wenyewe kuliko kwa kuwapeleleza. Swali likawa: kijana huyu aliacha kusema lini?

Aliacha akiwa na miaka 12. Alimwambia mama kwamba hakuwa ameenda shule siku hiyo, kwa kuogopa kaptura iliyochanika. Mama akamwambia baba wa kambo, na usiku akachapwa. Tangu hapo jibu lake kwa kila swali ni "nilikuwa hapo tu". Nyumba ilijinyima chanzo chake kikuu cha habari kwa usiku mmoja.

Kijana akiwa na miaka 14 ndipo binamu, yule mtoto wa mama mkubwa, alipotoka gerezani. Alimpa kijana chakula, simu ya kwanza, na mahali pa kukaa saa zile nne na nusu. Katika familia za ule utafiti wa London, zisizofika 6 kati ya 100 zilibeba nusu ya hatia zote za wanafamilia wote. Ndugu mwenye hatia si bahati mbaya ya pembeni. Mara nyingi huwa ndiye mtu mzima pekee mwenye muda.

Kuhusu umaskini, maneno machache. Robert Sampson na John Laub walichambua upya kumbukumbu za wavulana 500 wakosaji na 500 wasio wakosaji wa Boston, zilizokusanywa na Sheldon na Eleanor Glueck. Walipata kwamba sehemu kubwa ya athari za umaskini hupitia ndani ya nyumba: usimamizi hafifu, adhabu za kubahatisha, na upendo uliolegea. Zamu ya mama ni mfano hai. Kumlaumu hakuisogezi zamu hiyo hata dakika moja.

Mpango wa wiki 16

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 37, unataka mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zimeshindikana, na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Kijana hakuwekwa mahabusu. Alikabidhiwa nyumbani kwa sharti la mpango. Mshauri mmoja alibeba familia tano tu kwa wakati mmoja, akaenda nyumbani kwao usiku baada ya mama kurudi, mara tatu kwa wiki mwanzoni na mara moja mwishoni.

Kabla ya kijana kuambiwa chochote, wiki ya kwanza ilikuwa ya wakubwa peke yao. Kanuni zilipunguzwa hadi tatu: shule kila siku, kuwa mahali palipokubaliwa kati ya saa kumi na saa mbili, na kila kitu kigeni kielezwe. Kanuni kumi hazisimamiki na mtu anayerudi saa mbili usiku. Kupiga kulikomeshwa, kwa sababu kulikuwa kumeziba mdomo wa kijana.

Saa zile nne na nusu ziligawiwa kwa majina. Siku tatu kwa bibi, ambaye hakuwa amewahi kuombwa tangu kijana arudishwe. Siku mbili alifanya kazi kwa mfanyabiashara yule aliyevunjiwa stoo, kwa makubaliano yaliyoandikwa ya saa 40, mfanyabiashara akiwa huru kukataa tangu mwanzo. Shule iliacha barua, ikampigia mama kabla ya saa nne asubuhi kijana asipoonekana.

Amri zilifundishwa kwa mazoezi: moja kwa wakati, fupi, kwa sauti ya kawaida, mtu akiwa karibu, kisha kimya cha kuhesabu hadi kumi. Akitii, anaambiwa hapohapo ametii. Asipotii, anaambiwa matokeo mara moja bila mjadala: simu inakaa kwa mama hadi kesho jioni. Na kila usiku mama alikaa naye dakika 15 bila kuuliza alikuwa wapi.

Ofisi moja ilipendekeza apelekwe kambi ya vijana wakosaji wenzake wakati wa likizo. Pendekezo hilo lilikataliwa. Mradi wa Cambridge-Somerville huko Massachusetts, ulioanza 1939 na kuhusisha wavulana 506, ulitoa ushauri na msaada kwa nusu yao kwa miaka kadhaa. Joan McCord alipowafuatilia miaka 30 baadaye, waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya kuliko wasiosaidiwa, na uchambuzi uliofuata ulionyesha madhara yamewakusanyikia zaidi waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Kukusanya wavulana wanaosifiana kwa makosa ni kuwapa hadhira.

Yaliyoharibika

Wiki ya tatu na ya nne mambo yalizidi. Kijana alivunja sahani na kulala nje usiku mmoja. Hili lilitarajiwa, na familia ilipaswa kuambiwa mapema kwa uwazi zaidi kuliko ilivyoambiwa: tabia inayopoteza faida yake hupanda kwanza kabla ya kushuka. Mama alikubali yaishe mara mbili katika kipindi hicho, na kila mara ilichukua karibu wiki nzima kurudi pale walipokuwa.

Wiki ya tano baba wa kambo alichukua simu kwa mwezi mzima. Tangu hapo hapakuwa tena na cha kumnyang'anya wala cha kumrudishia, na kijana alijua. Mshauri alimwomba airudishe siku ya nne. Alikataa, akiona ni kudharauliwa, na ilibidi kikao kizima kiende kwake peke yake: kuhusu kile alichotegemewa kufanya tangu siku ya kwanza katika nyumba ile, bila kuulizwa kama anakiweza. Baada ya hapo alirudisha simu mwenyewe.

Wiki ya tisa kijana alidanganya kwamba yuko kwa bibi, akawa kwa binamu. Kumkataza binamu moja kwa moja kulikuwa kumeshindikana mara mbili, kwa hiyo mama mkubwa aliletwa kwenye kikao, na ikakubaliwa kwamba binamu anakuja nyumbani kwa mama siku za mapumziko na kijana haendi kwake. Hili halikumaliza hatari. Liliiweka mahali inapoonekana.

Mazungumzo kuhusu kupelekwa kwa bibi yalifanyika wiki ya kumi na moja, kwa ombi la kijana. Yalichukua dakika zisizofika ishirini. Mama alieleza, kijana hakusema kitu, na kesho yake katika zile dakika 15 alianza kusimulia habari za shule bila kuulizwa.

Hadi mwisho wa wiki ya 16 utoro ulikuwa siku 2, saa 40 za kazi zilikuwa zimekamilika, na shajara ilikuwa na jibu la uhakika siku 11 kati ya 14. Kulikuwa na tukio moja la kitu kisichoelezeka, chaja ya simu, iliyorudishwa usiku huohuo. Ufuatiliaji umewekwa mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kwa kuwa mzazi aliyechoka hurudia njia ya zamani kimyakimya.

Aliyekosekana kwenye mpango ni mdogo wake wa kike. Katika ile jioni ya amri 17, mtathmini aliandika pembeni kwamba naye aliagizwa mara 6 na akatii mara 2, na mara zote nne alizokaidi mama ndiye aliyemaliza kazi. Ana miaka 9. Shajara yake ya siku 14 imeanza wiki hii.